Naomba ushauri: wahakiki saba tuchague vipi gemu bora la mwaka?

Padi_Mbili: Wakuu, salaam. Tuko saba, tunataka kutoa orodha moja ya magemu bora ya mwaka, ila kanuni zinatushinda. Wengine wanataka kila mtu atoe alama 1 hadi 10 tupige wastani, wengine wanataka kura moja moja. Halafu nyongeza ya gemu la zamani ishindane? Na gemu la Desemba ni la mwaka gani?

Fremu60: Mkuu, wastani achaneni nao. Gemu lililochezwa na wapenzi wake wawili tu, wakaliwekea 9.5, litalipita lililochezwa na wote saba na kupata 9.1. Tena 7 ya mmoja ni sifa, ya mwingine ni lawama.

Kura moja nayo ina shimo lake. A ikipata 3, B 2 na C 2, A inashinda hata kama wale wanne wengine wanaiona ya mwisho.

Kila mtu apange magemu matano: la kwanza pointi 5, la tano pointi 1. Lisiingie gemu ambalo halijachezwa na angalau wanne. Mkishajumlisha, chukueni mawili ya juu, wote saba wayacheze (wapeni wiki mbili), kisha kila mtu ataje moja tu. Duru hii msiiruke, kwa sababu kwenye pointi kuna anayeacha makusudi gemu analoliogopa ili lake lipite. Yakibaki mawili tu, hila hiyo haina kazi.

Mhakiki_Mkongwe: Nyongeza iwekeeni kundi lake. The Game Awards (tuzo za magemu za kila mwaka) waliiteua Shadow of the Erdtree, nyongeza ya Elden Ring, kuwania gemu bora la 2024, na ubishi ukawaka, kwa kuwa Elden Ring yenyewe ilishatwaa tuzo hiyo 2022. Mwishowe ilishinda Astro Bot. Sikatai kwamba nyongeza ile ni kazi kubwa, lakini huwezi kuicheza bila gemu mama, kwa hiyo mnajikuta mnaipa alama mifumo mliyokwisha kuipima.

Desemba haina ugumu: tangazeni mapema tarehe ya kufunga, tuseme 15 Novemba, linalotoka baada ya hapo lisubiri mwaka unaofuata. Super Smash Bros. Ultimate ilitoka Desemba 2018 ikagombea 2019. Linalouzwa kabla halijakamilika, hesabuni toleo kamili: Baldur's Gate 3 ilianza kuuzwa hivyo Oktoba 2020, ikakamilika Agosti 2023, na ikashinda 2023.

Kebo_Ndefu: Naongezea jambo ambalo huvuruga mijadala kuliko yote: mashine. Cyberpunk 2077 ilipotoka 10 Desemba 2020, hakiki za mwanzo zilitokana na toleo la kompyuta. Kwenye PS4 na Xbox One lilikuwa linakwama na kujizima, hadi Sony wakaliondoa kwenye duka lao la mtandaoni, PlayStation Store, mwezi uleule. Watu wawili walikuwa wanabishana juu ya magemu mawili tofauti bila kujua. Kila mpiga kura aandike kachezea mashine gani, toleo namba ngapi, amelicheza kwa muda wa saa ngapi, na kiwango gani cha ugumu.

Padi_Mbili: Asanteni sana. Na ambaye hajamaliza gemu la saa 80?

Fremu60: Apige kura, ila aseme alipoishia. Kwa magemu ya hadithi mimi ningedai amalize, kwani mwisho mbovu hubadilisha hukumu. Balatro na mengine ya kurudiarudia hayana mwisho wa namna hiyo, hapo angalieni kama ameshaielewa mifumo yake na kushinda raundi kadhaa.

Mhakiki_Mkongwe: Msikimbilie Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, kuamua sare. Wastani wao huwapa baadhi ya wahakiki uzito zaidi, na uzito huo hawautangazi. OpenCritic, tovuti nyingine ya aina hiyo, hupiga wastani wa kawaida, ndiyo maana namba za gemu moja zaweza kupishana. Sare ikitokea kabla ya duru ya mwisho, lipite lile lililowekwa nafasi ya kwanza na watu wengi zaidi.

Kebo_Ndefu: Na mkishirikisha wasomaji, wapeni sehemu ndogo. The Game Awards huwapa asilimia 10, majaji 90. Mkiwapa nusu, gemu lenye mashabiki wengi litapita kabla hamjafungua mjadala.