Mafiga matatu: hivi tunamchagua diwani au tunamfuata rais tu?

Mtu wa Kata:
Wakuu habari zenu, hili jambo linaniuma siku nyingi. 2015 niliamka saa kumi alfajiri nikapange foleni, kichwani nina rais tu maana kijiweni mwezi mzima ni Magufuli na Lowassa basi. Nikapewa karatasi tatu, ndio hayo mafiga matatu, rais, mbunge na diwani wa chama kimoja; ya rais nikaweka vema fasta, ya mbunge nikatafuta nembo ileile, ya diwani hata jina sikusoma. Miaka mitano barabara ya mtaani haijaguswa na diwani nimemwona mara moja tu, msibani. Chaguzi hizi tatu zingekuwa siku tofauti ningechagua vilevile kweli? Nyie mkifika kwenye kituturi mnafanyaje?

Meru Halisi:
Mkuu usijilaumu peke yako, siku yenyewe inakusukuma. Mi wa Arumeru Mashariki. Uchaguzi mkuu 2010 marehemu mzee Sumari wa CCM alimshinda Nassari wa CHADEMA. Mzee akafariki, tukarudi kituoni Aprili 1, 2012, karatasi moja tu ya mbunge, CCM wakamsimamisha mwanae Sioi, na Nassari akapita. Jimbo lilelile, miezi 17 tu hapo katikati! Hakukuwa na rais wa kumfuata, huku vijijini tuliongea ardhi na maji basi.

Jirani wa Kenya:
Ndugu zangu, msikimbilie kutenganisha siku za uchaguzi. Huku Agosti 8, 2017 tulipewa karatasi sita, kutoka rais mpaka MCA, yaani diwani wetu, na karibu asilimia 80 tulijitokeza. Korti ya Juu ikafuta ile ya rais, tukarudi Oktoba 26 na karatasi moja, Raila ashajitoa, na waliopiga hawakufika asilimia 40. Ni kweli kujitoa kwake ndio kulifanya wengi wabaki nyumbani, lakini mimi Agosti nilisimama masaa manne na Oktoba niliingia nikatoka. Sasa siku ya diwani pekee nani ataacha shamba aje?

Mtu wa Kata:
Hapo kwa watu kutokuja sikupafikiria kabisa, asante jirani. Basi karatasi ya diwani iwe na majina tu bila nembo, si tutalazimika kusoma?

Meru Halisi:
Kwa sheria yetu bila chama hugombei, mkuu, sasa nembo utaikwepaje? Marehemu Mchungaji Mtikila, yule mwanasiasa, alihangaika kudai mgombea binafsi asiye na chama miaka na miaka, 2013 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa haki, na bado ukienda kuchukua fomu ya udiwani unaulizwa kwanza umedhaminiwa na chama gani.