Gumzo la Wana Mikindani: laptopu kubwa ya Somoe

*Jumamosi, usiku*

Somoe: Shikamooni wakubwa. Wadogo hamjambo. Naomba mnisikilize kabla ya matangazo ya mchele 😂 Laptopu yangu imechoka. Leo bwana harusi wa Ligula amekaa pembeni anasubiri kipande cha dakika tatu cha video ya harusi yake aposti, mashine imeganda mpaka chai yake imepoa. Nataka kubwa, yenye nguvu. Video, picha, michoro ya sare, na kazi za kila siku humohumo.

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu. Si ndiyo ile tuliyokuchangia ulipoingia chuo?

Somoe: Ileile shangazi. Inchi 14, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4, diski ya kuzunguka. Ilikuwa ya kuandikia kazi za darasani.

Hamza (Dar): Hiyo hata Windows 11 haiingii kwa utaratibu. Prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, ni ya Intel kizazi cha 6, Microsoft wanataka kuanzia cha 8. Na Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha Oktoba 2025.

Ba'mdogo Issa: Nimepita dukani mjini mchana. Ipo mpya, boksi halijafunguliwa, inchi 15.6, laki saba na nusu, garantii mwaka. Mnahangaika nini?

Somoe: Shikamoo ba'mdogo. Ina RAM ngapi?

Ba'mdogo Issa: Marahaba. Sikuuliza. Kubwa lakini.

Fatu: 😂😂😂

Ba'mdogo Issa: Fatu unacheka nini?

Fatu: Kuna kitu nimeona TikTok ba'mdogo.

Ba'mdogo Issa: [Picha] Lebo yake hiyo. Someni wenyewe.

Hamza (Dar): Nimeikuza. Prosesa ni Celeron, ile dhaifu, RAM GB 4, kioo cha vidoti 1366 kwa 768. Ba'mdogo, vidoti ni vilevile vya laptopu ya Somoe, vimetanuliwa tu. Herufi zitanenepa, nafasi ya kazi haiongezeki. Kwa kazi yake asishuke chini ya 1920 kwa 1080, na kioo kiwe cha IPS, kile kisichobadilisha rangi ukikitazama kwa pembeni.

Somoe: Hapo kwenye kioo ndipo panaponiumiza. Nikikaa, nyekundu ya kanga ni nyekundu. Nikisimama imekuwa chungwa. Sasa mteja achague ipi?

Mama: Mimi naona ile ya zamani iongezewe tu hiyo ramu.

Hamza (Dar): Ukiiwekea SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka, na RAM ya GB 8 itaamka mama, kabisa. Ila prosesa inabaki ileile, na haina kadi ya grafiksi ya peke yake ya kusaidia kazi za video. Ya kuandikia itafaa. Ya video ya 4K, zile zenye vidoti vingi sana, hapana.

Somoe: Kusema kweli roho inataka MacBook Pro ya inchi 16 😍 Ile ya M1 Pro ya 2021, hata mtumba. Kioo chake we acha.

Ba'mdogo Issa: Bei?

Somoe: Niliyoiona milioni tatu na kidogo.

Ba'mdogo Issa: Hizo gunia ngapi za korosho?

Shangazi Mwajuma: Issa usimkatishe mtoto.

Hamza (Dar): Mashine nzuri, siipingi, betri yake inakaa. Ila RAM yake huiongezi kamwe, unayonunua ndiyo unayokufa nayo. Na ya bei hiyo nyingi zina diski ya GB 512. Dada, kamera yako ikirekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ni GB 45. Harusi ya kwetu inaanza asubuhi inaisha alfajiri, piga hesabu.

Somoe: Sasa wewe unasema ipi?

Hamza (Dar): Huku Kariakoo kuna laptopu za ThinkPad P15 za mtumba, za 2020. Inchi 15.6, Intel kizazi cha 10, kadi ya grafiksi ya Nvidia. Jamaa anataka milioni moja na laki sita ikiwa na RAM GB 16 na SSD ya GB 512. Nafasi za RAM zipo nne na ya SSD nyingine ipo, kwa hiyo mwakani unaongeza mwenyewe. Haina urembo, imekaa kama tofali. Pale utatumia programu ya kuhariri video, DaVinci Resolve ya bure, inatoa mpaka 4K, hulipi chochote kwa mwezi.

Fatu: Dada yangu na tofali 😭

Somoe: Uzito?

Hamza (Dar): Karibu kilo 3, chaja mbali. Hapo sikufichi.

Somoe: Na mimi Mikindani mpaka mjini ni bodaboda. Haya, mgongo upo.

Ba'mdogo Issa: Kwa nini usinunue ndogo ukaweka televisheni nyumbani uunganishe?

Somoe: Wazo zuri ba'mdogo kama kazi yote ingekuwa ya nyumbani. Wateja wa siku hizi wanataka kipande usiku huohuo, ukumbini, kabla biharusi hajavua viatu. Televisheni sibebi.

Mjomba Rashidi: Mkija nayo huku Nanyamba mkumbuke nina sola. Inveta yangu wati 150.

Hamza (Dar): Shikamoo mjomba. Chaja ya hiyo ni wati 170, nyingine 230 kutegemea kadi. Inveta italia. Aje nayo imejaa.

Mjomba Rashidi: Marahaba. Basi asije siku za mechi, Simba na Yanga pekee zinatumaliza umeme.

Ba'mdogo Issa: Swali langu halijajibiwa. Mtumba ukigoma, unamrudishia nani? Mimi nimesema garantii mnaniona mshamba.

Somoe: Hapana ba'mdogo, hilo la maana kweli.

Hamza (Dar): Garantii ya muuzaji ni mwezi mmoja, imeandikwa kwenye risiti. Siyo mwaka, najua. Ndiyo maana naikagua kabla ya hela kutoka. Nikiwasha nabonyeza F1 niingie kwenye mipangilio ya mashine, ikidai nywila ya kampuni ya watu huko Ulaya naiacha palepale. Kisha naandika amri ya powercfg /batteryreport, naona betri ilizaliwa na kiasi gani na sasa inashika kiasi gani. Ikiwa chini ya nusu, bei ishuke. Kioo naweka cheupe chote nitafute madoa. Halafu naipa video ya 4K nusu saa, nisikilize feni na nione kama inajizima.

Mama: Na ile ya zamani inakwenda wapi?

Somoe: Tuiwekee hiyo SSD, baba aandikie hesabu za chama. Anajaza madaftari kila msimu, na mende wanakula madaftari.

Baba: Nasoma.

Fatu: Baba yupo hewani 👀

Baba: Mimi nataka yenye herufi kubwa. Ile ya Issa ya dukani.

Ba'mdogo Issa: Asante kaka 🙏🏾

Hamza (Dar): 😂 Baba, herufi tutazikuza humohumo, bure.

Ba'mdogo Issa: Haya. Mimi natoa laki tatu, malipo ya korosho yakiingia. Sharti, Hamza apige video akiwa dukani nione mwenyewe. Na risiti iwe na jina la Somoe, siyo la Hamza.

Shangazi Mwajuma: Laki moja kwangu. Utanichorea sare ya Vikoba.

Somoe: Nashukuru sana 🙏🏾 Milioni moja ninayo. Zilizobaki nazimalizia mwenyewe na harusi ya Chikongola.

Hamza (Dar): Hela zikitimia nakwenda. Siku hiyo muwe hewani saa nne asubuhi, bando msinilaumu.

Shangazi Mwajuma: Mimi nitakuwepo, nataka kuiona hiyo F1.