Oili ya giaboksi ya pikapu: nataka kubadilisha mwenyewe nyumbani

Mzigo_Tani
Wakuu, naomba ushauri. Pikapu ya gia za mkono, inabeba mzigo kila siku, oili ya giaboksi ina zaidi ya kilomita 80,000. Gari likiwa baridi, gia ya pili inagoma kuingia. Likipata moto inalainika. Nina oili ya difu (gia za kwenye ekseli) imebaki, 80W-90 (uzito wake) GL-5 (daraja lake). Naweza kuitumia?

SpanaKumi
Hiyo iache kwenye difu. Kemikali za salfa kwenye GL-5 zinaweza kula sinkronaiza za shaba (pete zinazosawazisha mwendo wa gia ili ziingie laini), na utelezi wake unaifanya sinkronaiza ishindwe kushika, gia ikwaruze. Giaboksi nyingi zinataka 75W-90 GL-4, ila zipo za ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) na zipo zinazoruhusu GL-5. Kitabu cha gari ndicho kinachoamua, siyo muuza spea. Kiasi huwa kati ya lita 2 na 3.

Kabla hujagusa bolti ya chini ya kumwagia, legeza ya kujazia, ile ya ubavuni. Ukimwaga kwanza halafu ya juu ikagoma, gari limekwama hapo hapo.

Mzigo_Tani
Asante mkuu. Nikipandisha mbele kwa jeki inatosha?

GiaYaTano
Hapana! Kwanza, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Pili, gari likiinama kipimo cha oili kinadanganya. Weka stendi nne, lilale sawa, au fanya kazi likiwa chini kama unapenya.

Endesha dakika 15 oili ipate joto, mwaga, acha hadi ibaki matone. Angalia sumaku ya bolti: uji wa kijivu laini kama grisi ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni jino au beringi. Vumbi la rangi ya dhahabu ndani ya oili ni sinkronaiza, na kwa dalili za gia yako ya pili, litafute hilo. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, kagua kipumulio (tundu la hewa la giaboksi).

Futa sumaku, weka washa mpya, funga bila kutumia ubabe, maana uzi wa aluminiamu ukikatika ni gharama. Jaza kwa pampu ya mkono, au mpira mrefu na faneli kutokea juu, mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Ikiacha, funga. Ukizidisha inatoa povu na kusukuma sili; ikivuja mbele inalowesha klachi.

SpanaKumi
Nyongeza: kama ni 4x4, transfa kesi (boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) mara nyingi ina oili yake na bolti zake. Usimwage hiyo ukidhani ni giaboksi. Na bolti ikiwa na kutu, piga brashi ya waya, pulizia mafuta ya kulegeza, subiri, tumia soketi ya pembe sita. Ya pembe kumi na mbili itaila kichwa.