Siku moja Mombasa na mama: twende na msafara wa meli au tujiendee wenyewe?

Binti Pangani:
Wanajukwaa, hamjambo. Mwezi ujao mimi na mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, tutakuwa katika meli ya watalii itakayofunga gati Mombasa siku ya Ijumaa. Abiria wataruhusiwa kushuka saa mbili asubuhi, na kila mtu anatakiwa awe melini saa kumi na nusu alasiri. Babu yake mama alikuwa nahodha wa jahazi lililokuwa likienda Mombasa, na mama amekua akisikia habari za Ngome ya Yesu bila kuiona. Msafara unaouzwa melini hupitia Ngome, Mji wa Kale, yale matao ya Barabara ya Moi yenye umbo la pembe za ndovu, soko na duka la vinyago, yote kwa basi moja, nami nahofia tutashinda tukipanda na kushuka tu. Magoti ya mama hayapatani na ngazi, wala jua kali halimfai. Mnashauri nini?

Mzee wa Gatini:
Karibuni sana, mwanangu. Meli kubwa hufunga Kilindini, upande wa magharibi wa kisiwa, na jina lenyewe linatokana na kilindi, yaani maji ya kina. Bandari ya Kale, ambako bila shaka ndiko jahazi la babu lilikotia nanga, iko upande wa mashariki, karibu na Ngome. Si mbali: tuktuk itawafikisha kabla jua halijachoma, mradi mpatane nauli kabla ya kupanda. Jiendeeni wenyewe, na hilo duka la vinyago liacheni.

Mwalimu wa Historia:
Namuunga mkono Mzee, na ningeongeza kwamba Ngome peke yake yatosha kwa asubuhi nzima. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe, na ukitazama kuta kwa chini utaona mahali ambapo mwamba wa asili unakwisha na mawe ya waashi yanaanza. Mama asijilazimishe kupanda kila ukuta. Mpeleke kwanza kwenye makumbusho, penye vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama mbele ya Ngome mwaka 1697, Waomani walipokuwa wameizingira. Mzingiro huo ulianza Machi 1696 na haukwisha hadi Desemba 1698. Kisha mkapumzike katika Nyumba ya Waomani, iliyo humo humo ndani ya Ngome. Waingereza waliigeuza Ngome kuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958, jambo ambalo wageni wengi hulipita bila kuuliza. Chukueni pasipoti zenu, kwa maana kiingilio cha Waafrika Mashariki si sawa na cha wageni wa mbali.

Msafiri wa Toronto:
Samahanini, mimi natofautiana nanyi kidogo. Msafara wa meli ukichelewa, kwa kawaida meli huungoja. Aliyejiendea mwenyewe akichelewa, meli inang'oa nanga. Dada, ukienda peke yako jiwekee saa nzima ya akiba, na uhakikishe kwamba saa ya melini ndiyo saa ya Kenya. Katika safari yetu mwanangu, ambaye amekulia Kanada, alimwambia dereva atufuate "saa tisa" akikusudia asubuhi, naye dereva, kama ungetarajia, akaja alasiri.

Binti Pangani:
Nawashukuru nyote. Nimemsomea mama majibu yenu, naye ameamua: Ngome, kisha Bandari ya Kale, basi. Anataka kuketi mahali anapoyaona maji hayo na kunywa kahawa chungu. Tutaondoka huko saa nane. Je, siku ya Ijumaa ina tatizo lolote?

Mzee wa Gatini:
Tatizo hakuna, ila maduka mengi ya Mji wa Kale hufunga mchana kwa ajili ya sala, na vichochoro vinavyoelekea misikitini hujaa watu. Malizeni Ngome kufikia saa nne na nusu, mpite Mji wa Kale polepole mkiutazama Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kujengwa mwaka 1570, na kahawa ya mama inyweni kabla ya saa sita. Mwagizie na kipande cha halwa.