Nataka kufungua ofisi ndogo ya hesabu Chake Chake: nisubiri CPA au nianze?

Binti_Chake

Assalamu alaykum. Mie ni mhasibu wa hoteli moja ukanda wa Kiwengwa. Kazi yangu khasa ni kulinganisha makusanyo ya mapokezi na taarifa za benki, na kutayarisha mishahara. Nimesoma SUZA, chuo kikuu cha Zanzibar, kampasi ya Chwaka, na mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, nimeshavuka Intermediate, ile ya kati, imebaki Final, ya mwisho, ndipo nipate CPA, cheti cha mhasibu kamili. Mama yangu yuko Chake, Pemba, peke yake na umri umekwenda, nataka kurudi nyumbani. Nimepata chumba cha ghorofani karibu na soko, kodi yake si mbaya. Sasa nisubiri mpaka nimalize CPA, au nianze? Na mtu wa Chake atamlipa mhasibu kwa lipi, ilhali wengi hesabu zao zimo kichwani na kwenye daftari la madeni?

Kidagaa

Kaa hotelini dada. Pemba sote jamaa. Utaitwa "mwanetu msomi", utatengenezewa chai, na hesabu utafanya bure.

Mama_Leja

Waalaykum salaam mdogo wangu. Kidagaa hajakosea kuhusu ujamaa, ila hiyo si sababu ya kubaki Kiwengwa. Mie nina ofisi Mlandege, tuko watu watatu kwenye chumba kimoja, na wateja wetu ni maduka ya vipuri, skuli binafsi mbili na nyumba za wageni. Kabla ya hapo nilikuwa kampuni ya ukaguzi.

La CPA ni jepesi. Kuandika vitabu, mishahara, kutayarisha ritani, yaani taarifa za kodi, hayo anza ukishapata usajili wa biashara na leseni. Kusaini hesabu zilizokaguliwa huwezi mpaka NBAA wakusajili kwa kazi hiyo, na kujiita mshauri wa kodi nako kuna usajili wake. Basi mtafute mapema mkaguzi mwenye muhuri, umpelekee faili safi, na mteja amlipe yeye mwenyewe bila ya pesa kupita kwako. Final usiiache. Mtu akishaonja pesa ya ofisi, mtihani wa Mei unakuwa wa Novemba, wa Novemba unakuwa wa mwakani.

Kinachowachanganya watu wetu ni ofisi mbili za kodi. Kodi ya mapato, pamoja na ile ya mishahara, ni ya Muungano, inakwenda TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania. VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, ya hapa Zanzibar inakwenda ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, na kwa bidhaa nyingi ni asilimia 15, wakati Bara kwa kawaida ni 18. Mwenye duka anayeleta mzigo kutoka Dar anaona tarakimu mbili tofauti kwenye karatasi zake, anadhani ameibiwa. Kumfahamisha hilo tu kunakupa heshima. Tarehe zibandike ukutani: kodi ya mishahara ndani ya siku 7 mwezi ukisha, makadirio ya kodi ya mapato, kwa mwaka unaofungwa Desemba, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, ritani ya mwaka mwisho wa Juni.

Sasa risiti. Hapa ndipo kazi ilipo. Karatasi ya risiti za mashine ni ya joto, haina wino. Ikikaa juani au kwenye mfuko wa plastiki, maandishi yanafutika. Nina mteja wa vipuri alikuwa akizichoma kwenye msumari nyuma ya kaunta, dirisha liko ubavuni. Tulipozishusha mwisho wa mwaka, za juu zote nyeupe, hata jina la muuzaji halisomeki, na ndizo zilizokuwa na manunuzi makubwa. Siku hizi kijana wake anazipiga picha jioni kabla ya kufunga mlango, anaziandika namba kwa kalamu, anaturushia kwa simu. Wateja wako wafundishe hivyo kabla hujawaambia habari ya programu yoyote. Excel inakutosha kwa kuanzia.

Na kila daftari liwe na ukurasa wa anavyojichukulia mwenye duka. Mchele wa nyumbani, sukari ya hitma, vocha ya mtoto, vyote vinatoka dukani, na mwisho wa mwezi mtu anauliza faida imekwenda wapi! Usimgombeze. Andika tu.

Kuna kazi moja wengi hawaitangazi: zaka. Ikikaribia Ramadhani wafanyabiashara wanataka kujua wanadaiwa ngapi. Asilimia 2.5 kila mtu anaijua. Tabu ni kujua ya nini. Mali iliyomo dukani ihesabiwe kwa bei ya leo, madeni yanayotarajiwa kulipwa yaingie, anayodaiwa yatoke. Tena mwaka wa zaka ni wa mwandamo, unapungua kama siku 11 kwa ule wa TRA, kwa hiyo hesabu ya Desemba huwezi kuihamisha vivi hivi. Hukumu muulize sheikh. Wewe kazi yako tarakimu. Aliyekuja kwangu kwa zaka mara nyingi amebaki kwa hesabu za kila mwezi.

Malipo: dai kwa mwezi, usingoje mwisho wa mwaka. Kwenu huko anayetegemea karafuu mfungulie utaratibu, kidogo kidogo miezi mikavu na kilichobaki wakati wa msimu, lakini muandikiane. Na pesa ya kodi ya mteja usiishike kabisa, hata akikubembeleza. Mtolee kontrol namba, ile namba ya kulipia serikalini, alipe mwenyewe. Mji mdogo, jina likichafuka halisafishiki.

Hadwea_Wete

Nasema kama mteja. Miye mhasibu nilimtafuta siku benki waliponambia lete hesabu za miaka miwili, nami nina makaratasi kwenye boksi la bati. Dada, usikae ghorofani ukatungoja, sisi dukani hatutoki. Pita wewe, hata Alkhamisi asubuhi kabla ya pirika. Ukiniambia tu nani ananidai na nani namdai, na saruji imenipa kiasi gani mbali na mabati, laki kwa mwezi natoa bila kusukumwa.

Binti_Chake

Ahsanteni sana. Dada Mama_Leja, la jamaa bado. Ami yangu ana maduka mawili Chake, ameshasema mie ndiye mhasibu wake, na bei hajaitaja.

Mama_Leja

Hatoitaja. Mwandikie ankara kamili kama ya mtu baki, laki moja na nusu. Chini yake andika punguzo la ami, uweke unachoweza kumsamehe, na kinachobaki akilipe. Kila mwezi mpelekee hivyo hivyo. Siku akikuletea mteja mwengine, atamtajia ile laki moja na nusu.