Presha ya mapafu: nyinyi mnaoishi nayo mnaamkaje asubuhi?

Fundi_Njombe

Habari za jioni wapendwa. Nina miaka 33, mama wa mtoto mmoja, fundi cherehani hapa Njombe mjini. Mwezi wa 3 nilipimwa eko ya moyo Dar, kile kipimo cha picha ya moyo, nikaambiwa nina shinikizo kubwa la damu kwenye mishipa ya mapafu. Kabla ya hapo nimetibiwa pumu miaka miwili. Dawa ya kuvuta ninazo kopo tano tupu, nimezihifadhi, sijui kwa nini.

Cherehani ndiyo iliyonisema kwanza. Zamani nilikanyaga sketi tatu za sare bila kuinuka. Ikafika mahali nikishona upindo mmoja tu naegemeza kichwa mezani. Kutoka stendi kupanda hadi nyumbani nasimama mara nne, na kila nikisimama nafungua pochi kama mtu anayetafuta kitu, ili wapita njia wasiniulize.

Nyumbani wakisikia presha wanafikiria ile ya mkononi. Wifi yangu ana kipimo, akanifunga mkono, ikasoma 110 kwa 70. Akasema, "Mbona yako nzuri kuliko yangu?" Tangu siku hiyo nikiomba kusaidiwa ndoo ya maji naonekana mvivu. Mama mkwe naye, kwa upendo kabisa, ananiletea maji ya kitunguu saumu kila asubuhi.

Dawa niliyoandikiwa ni sildenafili, ile ambayo wengi wanaijua kama Viagra. Duka la kwanza niliingia, kijana akasoma karatasi, akamwita mwenzake, wakacheka. "Dada, mzee kakutuma?" Nikatoka bila kununua. Siku mbili sikumeza kitu. Nilipoipata kwingine mume wangu akaikuta pakiti kwenye mkoba, na huo usiku sitaki kuusimulia.

Halafu daktari amesema nisibebe mimba tena. Binti yangu ana miaka 6, anaomba mdogo wake kama watoto wengine wanavyoomba pipi.

Kuomba Mungu naomba, kila siku. Ninachouliza ni hiki: wenzangu mnaamkaje? Mnashika nini?

Bi_Mwalimu_Tanga

Mdogo wangu, pole. Pole tena. Nimeinjika mboga nikaitelekeza nikuandikie.

Mimi nina miaka 49, nafundisha shule ya msingi, na hii hali ninayo mwaka wa saba. Kwangu walitafuta chanzo hawakukiona. Mwaka wa kwanza sikuishi, nilisubiri. Nilinunua sanda yangu mwenyewe nikaiweka kwenye sanduku chini ya kitanda, nikamwonyesha mdogo wangu ilipo. Nilikuwa nafundisha darasa la saba, ghorofani. Ngazi 22. Nilikuwa nafika shule saa kumi na mbili na nusu, watoto hawajajaa, nipande taratibu mtu asinione. Hiyo pochi yako mimi ilikuwa chaki: naidondosha ngazini, nainama kuiokota, napumua.

Siku moja niliona giza katikati ya ngazi, nikakaa chini, na mtoto mmoja akakaa pembeni yangu bila kusema neno mpaka nikainuka. Asubuhi iliyofuata nilisimama kwenye kikao cha walimu nikasema: mapafu yangu yana presha, ngazi zile siziwezi, naomba darasa la chini. Sikulia wala sikuomba huruma. Nilipewa darasa la nne, chini, karibu na mwembe. Miaka yote hii ukiniuliza nguvu ilianzia wapi, nitakuambia ilianzia pale kwenye kikao, kabla hata dawa haijakolea. Kuficha kunakula pumzi, mdogo wangu. Unapumua kwa ajili ya mwili na unapumua tena kwa ajili ya uongo.

Sasa hesabu zangu za kila siku. Naoga nimekaa kwenye kigoda. Siku ya kufua si siku ya soko. Asubuhi nikishatoka haja, kabla ya chai, napanda mzani na kuandika kwenye daftari. Zikiongezeka kilo mbili ndani ya siku mbili tatu, na miguu ikabonyea nikiigusa, siendi kazini, naenda hospitali, maana hayo ni maji. Chumvi nimepunguza. Ng'onda nimeiaga, na nakiri hiyo ilinitoa machozi kuliko nilivyotarajia. Dawa ya kukojoa siku ya safari naimeza nikishafika, baada ya daktari kunikubalia, kwa sababu basi halisimami kwa ajili yako.

Kutembea natembea, kwa nguzo za umeme. Nilianza na nguzo 4. Leo siku njema nafika 11, siku mbaya 5, na siku ya 5 narudi nyumbani nikiwa nimetembea nguzo 5. Sizidishi mpaka kifua kikalalamika.

Kuhusu hiyo dawa, sikiliza. Watafiti waliitafuta kwanza kwa ajili ya maumivu ya kifua cha wagonjwa wa moyo. Ile kazi nyingine ilijitokeza wakati wa majaribio. Mwaka 1998 Marekani ikaidhinishwa kwa wanaume, na 2005 ikaidhinishwa huko huko kwa presha ya mapafu. Inalegeza mishipa damu ipite. Kwa hiyo hujaazima dawa ya mtu. Ilianzia kifuani, imerudi kifuani. Chagua duka moja, mwone mwenye duka, si kijana wa kaunta, umwonyeshe karatasi ya hospitali. Mimi wa kwangu sasa ananipigia simu mzigo ukiingia. Vidonge vya miligramu 25 vikikosekana nanunua vya 50 nakata katikati kwa wembe, kama nilivyoelekezwa kliniki.

La mtoto sina la kukufundisha. Lilie. Hilo ni msiba na msiba una siku zake.

Na cherehani yako ni ya kukanyaga bado? Tafuta mota.

Muuguzi_wa_Moyo

Nafanya kliniki ya moyo, niongeze machache.

Wifi yako mweleze hivi: moyo una pande mbili. Kipimo cha mkononi kinasoma damu inayosukumwa na upande wa kushoto kwenda mwilini. Ugonjwa wako uko kwenye damu inayotoka upande wa kulia kwenda mapafuni, na mkono hauwezi kuuona. Eko inakadiria tu. Kipimo cha uhakika ni mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa shingo au paja hadi moyoni, na kwa hapa kwetu hufanyika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili. Wastani wa presha hiyo ya mapafu ukizidi milimita 20 za zebaki mtu akiwa amepumzika, umezidi kawaida.

Dada, umeambiwa chanzo? Usiondoke kliniki bila kuuliza. Inaweza kuwa valvu, yaani mlango wa ndani ya moyo, iliyoharibika, tundu la moyo la kuzaliwa nalo, makovu ya kifua kikuu, VVU, selimundu, kichocho kwa waliokulia maeneo yenye ugonjwa huo, au damu iliyoganda mapafuni. Hiyo ya mwisho baadhi ya wagonjwa hufanyiwa upasuaji wakapata nafuu kubwa. Matibabu hufuata chanzo, ndiyo maana dawa ya jirani si yako.

Usiache dawa ghafla kama zile siku mbili. Usiichanganye na vidonge vya kuweka chini ya ulimi vya maumivu ya kifua, presha ya mwili itaporomoka. Kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, taja kliniki hayo maji ya kitunguu saumu. Njia ya uzazi wa mpango usijichagulie dukani. Na kwa kuwa Njombe ni juu, karibu mita 2,000, hewa yake ina oksijeni kidogo kuliko ya pwani, na hilo huibana mishipa ya mapafu zaidi. Omba upimwe oksijeni kidoleni, umekaa na baada ya kutembea. Ukizimia, usisubiri tarehe ya kliniki.

Baba_Tumaini_Mwanza

Shemeji, mimi ni mume wa mgonjwa. Mke wangu aligandiwa na damu mapafuni baada ya kujifungua. Miezi nilimnunia, nikiamini ananikwepa na kazi anazikwepa. Daktari mmoja aliniita ndani wakati wa eko, akanionyesha upande wa kulia wa moyo ulivyotanuka ukausukuma ule wa kushoto. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi. Toka siku hiyo maji nachota mimi.

Mpeleke mumeo chumba cha eko. Maneno yako ameshayazoea, ile picha hajaiona. Na akitaka mwanaume wa kuongea naye, nipo.

Fundi_Njombe

Nimekaa kimya wiki tatu, mnisamehe. Nilimpa mume wangu simu asome hapa. Alisoma yote, akarudia ya Baba Tumaini, akatoka nje kama yeye. Kesho yake dawa alikwenda kununua mwenyewe. Kliniki ijayo tunapanda basi la alfajiri wote wawili, na nimeandika swali la chanzo kwenye karatasi.

Wifi nimemweleza pande mbili za moyo. Hajasema kitu, ila ndoo nimezikuta zimejaa mara mbili.

Mota imefungwa Jumamosi. Ni kuukuu, inanguruma, binti yangu anasema mashine ina njaa. Nimeshona sketi mbili kwa kupumzika katikati. Nguzo zangu ni 6.

Shikamoo Bi Mwalimu. Ile sanda uliipeleka wapi?

Bi_Mwalimu_Tanga

Marahaba mdogo wangu. Ipo kwenye sanduku lile lile. Sanduku nimelitoa chini ya kitanda, nimelisogeza dirishani, juu yake napangia madaftari ya darasa la nne. Leo yapo 46, sijasahihisha hata moja.