Naomba ushauri: rupia ya Mjerumani inang'aa kupita kiasi, imesuguliwa?

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Niko Mbeya, nakusanya sarafu za zamani hasa za enzi ya Mjerumani. Kuna mzee mmoja maeneo ya Mwanjelwa ananiuzia rupia 1 ya fedha ya mwaka 1905, ile yenye kichwa cha Wilhelm II na kofia yenye tai. Bei yake imechangamka kweli, ndo maana nataka uhakika kabla sijatoa pesa.

Kinachonitatiza ni kwamba ni nyeupe pee kama sufuria iliyopigwa stili waya, wakati hata tai kashalika kichwani, yaani sarafu imetumika sana ila haina ule weusi wa uzee, weusi umebaki tu kwenye kona za herufi. Nimeipima kwa sonara, ikaja gramu 11.6 na kidogo, kwa hiyo uzito uko sawa maana halisi ni 11.66. Nikaiinamisha kwenye tochi ya simu nikaona mikwaruzo myembamba mingi imeelekea upande mmoja, na mng'ao hauzunguki ukiigeuza, umetulia tu.

Sasa wazoefu, mikwaruzo ya namna hiyo inaweza kutokea kwa matumizi ya kawaida au lazima ni kitambaa na dawa ya meno? Na kama imesuguliwa kweli, nishushe bei kiasi gani au niachane nayo kabisa? Nazipenda sana hizi rupia, sitaki kuharibu mkusanyiko.